Ua la Mzee wa Kitalu

Mara ya kwanza kumwona Mzee wa Kitalu alikuwa amesimama katikati ya kipilefti, mjini Mwanza, jua la saa saba linawaka, anagombana na mbuzi. Sisemi alikuwa anamfukuza. Alikuwa anagombana naye hasa. Amemshika kamba, anamhoji: "Mwenyewe anajua uko hapa? Kwenu hakuna majani? Na hilo ua ulilotafuna, ulilipanda wewe?" Watu walipita wakicheka, na mimi nilicheka, ila sikupita. Nina ugonjwa wa kutaka kujua mambo. Marehemu mama yangu alikuwa akisema utanifikisha pabaya, lakini mpaka leo umenifikisha tu kwenye kufundisha sayansi shule ya msingi. Nikavuka barabara nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbuzi wako huyu?"

"Hapana."

"Basi nishikie kamba, Mwarimu."

Sikuwa nimemwambia mimi ni mwalimu. Nilipomuuliza amejuaje, akasema ana macho, chaki ilikuwa imenijaa kwenye mkono wa gauni. Nikabaki nimeshika kamba ya mbuzi nisiyemjua, mzee yule akiwa amepiga magoti anafukia mizizi iliyotoka nje, na wenye magari wanatuzunguka huku wanapiga honi. Baadaye nikagundua tunakaa mtaa mmoja, Butimba, yeye chini karibu na ziwa, mimi juu kidogo penye mawe. Tukawa majirani kwa miaka mingi.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, alifikaje mjini, siwezi kusema, na si kwamba sikuuliza. Niliuliza mpaka nikaona haya. Kila mara alinijibu kwa habari ya mmea. "Mzee, wewe ni Mkerewe au Mjita?" Naye: "Njoo uone huu mwaridi, jana ulikuwa umenuna, leo umecheka." Basi na mimi nikazoea kupokea majibu ya namna hiyo.

Nilichokijua ni hiki. Alikuwa mtunza bustani wa mji kwa miaka mingi. Vipilefti vyote vilivyokuwa na ua vilikuwa vyake, na ukoka wote wa mbele ya ofisi kubwa kubwa. Kisha ukaja wakati wa kupunguza wafanyakazi, na waliokuwa wanapunguza waliona kwamba mji unaweza kuishi bila maua. Akapunguzwa. Wenzake waliokumbwa naye walirudi vijijini, wengine wakafungua vibanda vya mitumba. Yeye kesho yake asubuhi akaonekana kwenye kipilefti na keni yake ya kumwagilia.

"Mzee, si wamekuachisha?" nilimuuliza siku moja.

"Wameniachisha mimi. Maua hakuna aliyeyaachisha."

Kitalu chake kilikuwa mbele ya nyumba yake, kando ya barabara. Miche ilipandwa kwenye kila kitu ambacho wengine walitupa: makopo ya samli, pakiti za maziwa, sufuria zilizotoboka, buti moja la mvua lililopotelewa na mwenzake. Miaka ile ya soko huria kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Viwanda vya minofu ya sangara vilifunguliwa, maduka yalifunguliwa, na vile vilima vyetu vya mawe vikaanza kujengwa nyumba za ghorofa zenye madirisha ya vioo vyeusi. Wenye nyumba hizo walitaka ukoka, walitaka bogenvilia ukutani, walitaka kibwawa chenye samaki wekundu mlangoni. Kwa hiyo Mzee wa Kitalu, ambaye mji ulisema haumhitaji, akawa mtu anayetafutwa na magari.

Lakini jamani, kununua mche kwa mzee yule ilikuwa kazi! Kwanza alikuuliza unakwenda kuupanda wapi. Pili, jua la asubuhi linaingilia upande gani. Tatu, nani atamwagilia, na ukisafiri je? Ukijibu ovyo, mche hupati. Na ukiupata usidhani umemalizana naye. Alikuwa na desturi ya kupita nyumba kwa nyumba kujulia hali miche aliyoitoa. Anapiga hodi, anaingia, salamu mbili tatu kwa watu, kisha moja kwa moja uani. "Nimekuja kumwona mtoto wangu." Anachomeka kidole kwenye udongo, ananusa, anageuza majani kuangalia chini yake. Kama mtoto anatunzwa, atakunywa hata chai kwako. Kama hatunzwi, loo!

Kuna bwana mmoja mkubwa, mzee alimkuta ameegesha gari juu ya asumini. Mzee aliomba jembe kwa mlinzi, akaung'oa ule mche na udongo wake, akauweka kwenye toroli akaondoka nao. Bwana akatoka mbio na taulo kiunoni: "We mzee, hilo si nimelinunua?" Mzee akamjibu bila kusimama: "Ulinunua ua. Hili sasa ni mgonjwa." Habari hiyo ilizunguka mtaani wiki nzima. Mimi nilikwenda kwa yule mlinzi mwenyewe kuhakikisha kama ni kweli, na ni kweli, hata taulo ni kweli.

Ukimuuliza nimwagilie lini, nipunguze lini, jibu lake lilikuwa moja: "Muulize mwenyewe." Maana yake mmea. Nilipoanza kumleta shuleni kuzungumza na wanafunzi wangu wa darasa la tano, niliogopa ataniaibisha kwa majibu hayo. Badala yake aliwauliza wao. "Bustani yenu inaishia wapi?" Wakanyoosha vidole kwenye uzio wa minyaa. "Na maji mliyomwaga leo yanaishia wapi?" Wakafikiri, wakasema yanaingia mtaroni. "Na mtaro?" Ziwani. "Basi bustani yenu inaishia ziwani," akasema, "na mkinyunyizia dawa huku, sato anainywa kule." Nilikuwa nimefundisha mzunguko wa maji muhula mzima bila kupata sentensi hiyo, nikaiba nikaitumia miaka yote iliyofuata.

Hilo la dawa lilimkera kweli. Madukani siku hizo zilianza kujaa chupa za dawa za kila aina, nyingine hazina hata maandishi, na wakulima wa nyanya wa pale ufukweni walizipiga kama wanaosha gari. Mzee aliwafuata mmoja mmoja kuwasihi. Baadhi walimsikiliza, baadhi walimwambia arudi kwenye maua yake.

Msidhani alikuwa malaika lakini. Alikuwa na vituko vyake, na mimi nilivipenda kuliko hekima yake. Aliwagombeza watu wanaokata miti ya mlimani kwa ajili ya mkaa, huku chai yake ikichemka kwenye jiko la mkaa. Nikamuonyesha jiko kwa kidole.

"Na hili, mzee?"

"Hilo linatumia mkaa wa mti uliokufa wenyewe."

"Umejuaje?"

"Nilimuuliza muuza mkaa."

"Na muuza mkaa angekwambia nini?"

Akanikata jicho. "Mwarimu, kunywa chai."

Kituko kikubwa zaidi ni kwamba mzee huyu, aliyeishi kwa mimea, hakula mboga. Hata kidogo. Ugali na samaki, basi, na pilipili pembeni. Na alikuwa amemwoa mkulima wa mboga hodari kuliko wote ufukweni. Mkewe mtaa mzima tulimwita Mama Mchicha. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo, na matuta yake ya mchicha, figili na nyanya chungu yalikuwa nyuma ya nyumba, yakiteremka hadi hatua chache kutoka majini, kwenye kighuba kidogo kilichozungukwa na mawe ambako nusu ya mtaa tulichota maji na kufulia.

Wawili hao walikuwa na vita ya samadi. Kila mzigo wa samadi ulipoletwa na mkokoteni, kila mmoja alikuwa anavutia kwake. Mama Mchicha alikuwa akisema mbele ya wateja: "Mimi nalisha watu, yeye anapamba ukuta wa matajiri, lakini nani anapata samadi mbivu? Yeye!" Mzee alikuwa anacheka chini chini. Nilidhani ni utani wa wazee wa ndoa ndefu tu. Ilinichukua miaka kugundua kwamba kulikuwa na kidonda chini ya utani ule: mama yule alichota maji peke yake, akapalilia peke yake, akachuma na kufunga mafungu peke yake, na mumewe, ambaye alikuwa anavuka mji mzima kumwagilia kipilefti asicholipwa, hakuwahi kutia tone la maji kwenye tuta la mchicha.

Sasa nifike kwenye ua.

Jamaa mmoja muuza dagaa, aliyekuwa anasafiri na meli ya Bukoba, aliujua udhaifu wa mzee. Siku moja akamletea mmea kwenye ndoo. Haukuwa na udongo. Ulikuwa unaelea juu ya maji, majani ya mviringo yanayong'aa, na mashina yamevimba kwa chini kama vitunguu. Mzee akauweka kwenye pipa lililokatwa nusu. Baada ya siku chache ukatoa ua, na mimi niliitwa kuja kuliona kabla sijavua viatu vya kazini. Sijawahi kuona ua zuri namna ile, nasema kweli. Zambarau iliyopauka, na kwenye petali ya juu kuna doa la njano lililozungushiwa buluu, kama jicho. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya pipa, chai imepoa mkononi.

"Huyu mtoto hana shida kabisa," akaniambia. "Hataki udongo, hataki samadi, hataki hata kujuliwa hali. Nimepanda maua maisha yangu yote sijaona kitu kama hiki."

Nilichukua mmoja nikauweka kwenye beseni darasani. Tulipasua shina na wanafunzi, tukaona limejaa vyumba vidogo vya hewa, ndiyo maana linaelea. Watoto walifurahi sana siku ile. Tulikuwa hatujui jina lake, basi mzee akauita Malkia wa Maji.

Na Malkia akazaa. Pipa moja likawa mawili, mawili yakajaa, akaazima la mafuta ya taa kwa jirani akaliosha. Wenye vibwawa walipouona walipagawa. Mzee alitoa kwa kila aliyetaka, na mingi aligawa bure, kwa sababu aliona si haki kutoza kitu kinachojiotea. Watu wa kawaida kama sisi tulikuwa nao kwenye karai na beseni. Kisha masika yakaja, mvua ikanyesha kwa fujo kama inavyonyesha kwetu, mapipa yakafurika, na maji ya mapipa yakaingia mtaroni. Mtaro ule unakwenda ziwani. Mnakumbuka alichowaambia wanafunzi wangu. Mimi sikukumbuka wakati ule, na yeye hakukumbuka.

Asubuhi moja Mama Mchicha alipanda kutoka bondeni na ndoo tupu. Mzee alikuwa kitaluni. Hakupaza sauti, na hiyo peke yake ilitosha kututisha tuliokuwepo.

"Nenda kaone ua lako," akamwambia.

Tukashuka wote. Kighuba kilikuwa kijani kutoka jiwe hadi jiwe, na juu ya kijani kile maua ya zambarau yamesimama yanapepea, mazuri kupita maelezo. Maji hayakuonekana. Nilimwona mzee akigeuka kuangalia mtaro, unavyoteremka kutoka kwake, kisha akaangalia tena majini. Hesabu yenyewe ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Alianza siku hiyo hiyo. Alichukua toroli akapita nyumba zote alizowahi kuupeleka ule mmea, na hakuwa na orodha, alikuwa anamkumbuka kila mtoto wake alipo. Safari hii alipopiga hodi alisema, "Nimekuja kumchukua." Watu wakagoma. Ua lilikuwa limenoga, nani atakubali? Mama mmoja wa nyumba ya ghorofa akamwambia wageni wake wanapiga picha hapo kwenye kibwawa, na kama mzee ana wazimu akatibiwe. Mzee akaketi nje ya geti lake, chini, kwenye vumbi. Akakaa asubuhi, akakaa mchana. Wapita njia wakaanza kuuliza kulikoni, mzee wa watu amedhulumiwa nini hapo? Jioni yule mama alitoa mmea mwenyewe kwa mikono yake, akautupa kwenye toroli bila salamu. Mimi nilimrudishia wangu kabla hajafika, na nakumbuka aliupokea bila kuniangalia.

Mimea yote aliikausha juani mbali na mtaro, akaichoma. Halafu akaingia ziwani. Kila asubuhi alikuwa kwenye kighuba, maji kifuani, anavuta magugu kwa reki. Tulimsaidia sana siku za kwanza, mtaa mzima. Tunasafisha mpaka jioni, tunaona maji, tunashangilia. Usiku upepo unageuka, na asubuhi kighuba kimejaa tena, zaidi ya jana. Wasaidizi wakapungua. Wengine wakaanza kusema wazi wazi kwamba mzee ametuletea balaa, kwamba watoto wanaugua kichocho kwa sababu yake, na mbu, na nyoka. Yeye hakubisha hata mara moja. Hilo ndilo lililoniuma mimi, kwamba hakubisha.

Kisha likatokea la kutokea. Mama Mchicha, akiwa na ndoo, alikanyaga kijani akidhani bado yuko kwenye ukingo, na kumbe ukingo ulikuwa umekwisha. Akazama wima. Magugu yakajifunga juu yake kama hakuna aliyepita pale. Wanawake waliokuwa wanafua kwenye mawe waliona ndoo inaelea na mtu hayupo, wakaingia, wakapapasa, wakampata kwa khanga. Alitolewa akiwa hai, Mungu ni mwema, ametapika maji ya ziwa na mizizi imemng'ang'ania shingoni.

Tangu siku hiyo hakushuka tena ziwani. Na hakumsemesha mumewe. Alimpakulia chakula, alimfulia, alimwitikia wageni walipokuwepo, lakini neno la kwao wawili halikuwepo tena. Bustani ikaanza kufa mbele ya macho yetu. Mchicha ukalala chini, figili zikaota maua. Niliingia nyumba ile siku moja nikatoka upesi, kimya chake kilikuwa kizito, na ninyi mmeshanijua, mimi si mtu wa kutoka upesi penye jambo. Mzee alinisindikiza mpaka barabarani.

"Ziwa naweza kulivumilia," akaniambia. "Hata watu, waache waseme. Lakini yule pale ndani, Mwarimu. Yule simuwezi akinyamaza."

Kesho yake akachonga mzega wa kuweka begani, akafunga ndoo mbili, moja kila ncha, akaenda kuchota maji kule mbali penye mawe makubwa, ambako upepo huwa unasukuma magugu yasikae. Ni mwendo, na kupanda na kushuka. Akaja akamwagilia mchicha wa mkewe. Mzee aliyepanda maua ya mji mzima hakujua kumwagilia mchicha! Alimwaga maji yakachimba mashimo, mbegu zikaelea. Mkewe alikuwa amekaa mlango wa uani anatazama. Alivumilia, alivumilia, akashindwa.

"Unazima moto?" akasema.

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza. Mzee alinisimulia akiwa anacheka na machozi yanamlenga. Siku iliyofuata akaambiwa ashike ndoo chini. Siku nyingine akaambiwa aanzie tuta la juu. Taratibu maneno yakarudi, yote ya mboga mwanzoni, hili limedumaa, lile lina wadudu, kisha na mengine. Vipilefti vya mjini vikakauka, mbuzi wakahamia, watu wa mjini wakauliza yule mzee amekufa? Hakufa, alikuwa na mzega begani, asubuhi na jioni, misimu ikapita. Na siku moja nilimkuta anakula ugali kwa mchicha. Nikajifanya sijaona, lakini alijua nimeona.

Mara ya mwisho ninayotaka kusimulia, mimi ndiye niliyemtafuta, tena nikikimbia. Shuleni alikuja mtaalamu wa mambo ya ziwa kuzungumza na walimu. Akaeleza kwamba kuna wadudu wadogo wanafugwa ili waachiliwe ziwani walitafune gugu maji, yaani huyo Malkia wetu, na kwamba tuwatoe wananchi hofu, hawali mazao. Mimi nilinyoosha mkono mara nyingi mpaka mwalimu mkuu akaanza kukohoa. Nilitaka kujua jambo moja tu: gugu hili lilitoka wapi? Akasema liliingia kwa mto Kagera, marundo kwa marundo, kila siku ya Mungu, kutoka nchi za juu huko. Nikamuuliza, na kama mtu hapa Mwanza alikuwa nalo kwenye mapipa, likafurika? Akacheka. "Mwalimu, ziwa kubwa hivi! Hata asingekuwa nalo, lingefika tu."

Nilishuka mbio bila kumaliza soda. Mzee alikuwa penye mawe, anajaza ndoo. Alikuwa amekonda, na bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Nikamwambia yote, nahema. Akaweka ndoo chini.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, mzee. Haikuwa wewe hata kidogo."

Nilitegemea atacheka, au atalia, au atasema asante Mungu. Alikaa juu ya jiwe akaangalia maji.

"Na huko mtoni, lilifikaje?"

Hilo pia nilikuwa nimeuliza. "Anasema zamani watu walilitoa nchi za mbali sana, likapandwa kwenye vibwawa vya nyumba za wakubwa. Kwa uzuri wake."

"Basi kuna mtunza bustani."

"Yupo, nadhani. Alikuwepo."

"Akaliona limechanua, akampa jirani," alisema pole pole. "Maskini. Na yeye labda alikufa hajui. Hakupata hata mtu wa kumwambia nenda kaone ua lako." Akatikisa kichwa, akainuka, akainama kuchukua mzega. Kisha akasimama. "Mama umemwambia?"

"Bado. Ndiyo naenda."

"Usimwambie."

"Mzee! Kwa nini? Amekulaumu miaka hii yote!"

"Akisikia sina kosa ataninyang'anya ndoo. Ataona haya, atasema pumzika, umeonewa." Akauweka mzega begani. "Mwache, Mwarimu. Tunaongea vizuri."

Akatangulia na ndoo zake. Mimi nikapanda kwa njia ya mkato, nimechanganyikiwa, nikatokea bustanini kabla yake. Mama Mchicha alikuwa anafunga mafungu. Matuta yalikuwa yameiva kijani kibichi, sijawahi kuyaona hivyo hata zamani. Tukasalimiana. Akanitazama usoni, na mimi uso wangu haujui kuficha kitu.

"Unatoka kwa yule mtaalamu wa shuleni," akasema. "Amewaambia la mto Kagera."

Nikashtuka. "Mama, unajua?"

"Redio ilisema zamani. Bado magoti yananiuma kwa kuzama, redio ikasema."

"Na hukumwambia?"

Aliangalia njia ya penye mawe. Mzee alikuwa anatokea, anakanyaga kwa uangalifu ili maji yasimwagike. Mama akashusha ile sauti yake, nikasikia mimi tu.

"Nimekaa na yule mzee tangu nina matiti ya saa sita, Mwalimu. Hakuwahi kunimwagilia hata tuta moja. Ungekuwa wewe ungemwambia?"

Akanichagulia fungu kubwa la mchicha akanitia mkononi. Mzee akafika, akatua ndoo, akamuuliza mkewe aanzie wapi leo, na mkewe akamwonyesha. Wote wawili wakaniangalia, kila mmoja kwa wakati wake. Nikawaaga, nikapanda nyumbani, na mpaka wanazikwa sikumwambia yeyote kati yao siri ya mwenzake.